Njia ya Matembezi ya Rwensinga

Njia ile ilikuwa na urefu wa maili tatu. Ilianzia kwenye kivuko cha Rwensinga, ikaishia kwenye maporomoko ya mto, na haikumpeleka mtu popote. Hilo ndilo lililowashangaza watu wetu ilipoanza kufyekwa mwaka 1949. Njia walizozijua wao zilikuwa na mwisho: kisima, soko, kanisa, nyumba ya mgonjwa, nyumba ya mkwe. Hii ilikwenda hadi kwenye mawe yenye povu, ikageuka, ikarudi ilikotoka.

Nilikuwa karani wa machimbo ya bati, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuisimamia. Meneja wetu, Bwana Merton, alitaka Wazungu wa machimbo, pamoja na wageni wao waliovuka kutoka upande wa Uganda, wapate mahali pa kupumzikia siku ya Jumapili. Alitaka njia safi kandokando ya mto Kagera, viti vya mbao kila baada ya nusu maili, na miti ya mtoni ibaki ilivyo ili watazame ndege. Mahali hapo pote alipaita bustani ya mapumziko.

Vibarua walinisumbua kwa maswali.

"Karani, wanakwenda kufanya nini huko kwenye mawe?"

"Kutazama maji."

"Maji ya Kagera? Si wanayaona hapa kivukoni?"

"Wanataka kutembea."

"Kwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu. Wanatembea tu, kisha wanarudi."

Mmoja wao, mtu wa Bugomora aliyeitwa Egbert, aliweka panga chini akacheka hata akashika mbavu. "Jamani! Mimi nimetembea tangu Bugomora alfajiri hii, kumbe nilikuwa nastarehe, na hakuna aliyeniambia!"

Wenzake wakaangua kicheko. Niliwakemea warudi kazini. Wakati huo sikuwa mtu wa kucheka.

Jina langu ni Elpidius, mzaliwa wa kwanza wa Kamugisha. Nilikaa shule ya misheni miaka tisa. Nilijifunza hesabu, Maandiko, Kiingereza cha ofisini, na Kilatini cha kutosha kuitikia misa. Niliporudi nyumbani nilidhani kwamba mambo yote ya kwetu yalikuwa yakinisubiri niyasahihishe. Baba yangu alikufa mwaka 1943, tukamzika kibanjani, chini ya migomba, kama watu wetu wanavyozikana. Kwetu kibanja si shamba la chakula peke yake. Ni mahali mtu anapokaa pamoja na waliomzaa. Siku ya nne baada ya mazishi wazee walinikalisha kwenye kiti cha baba mbele ya majirani, nikawa mrithi. Tangu siku hiyo neno langu juu ya ardhi ya nyumba yetu lilikuwa ndilo neno la nyumba.

Mama yangu, Kokuhirwa, alibaki kibanjani pamoja na mdogo wangu Projest. Mimi nilikaa katika nyumba ya bati ya makarani, mwendo wa nusu saa. Kila Jumamosi mama aliteremka sehemu ya chini ya kibanja, ile iliyoelekea mtoni, akafagia kaburi la baba na kutandika majani makavu. Kando ya kaburi hilo aliacha nafasi, upana wa mtu mmoja, wala hakuruhusu mgomba uchipue hapo. Alituonyesha mara nyingi, bila huzuni, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka kitanda. "Hapa ni pangu," alisema. "Msije mkanipeleka kwingine kwa sababu ya mvua au uvivu."

Njia ya Bwana Merton ilipita katikati ya nyumba ya mama na kaburi lile.

Sitaki kumsingizia Bwana Merton. Niliposema naye juu ya jambo hili alivua kofia, akasikitika, akasema kwamba njia ni njia tu. Mama yangu ataivuka apendavyo, na kibanja kitabaki chetu juu na chini. Migomba sita tu ndiyo iliyokatwa, ile iliyosimama juu ya njia yenyewe. Alimaanisha alilosema. Nasema hivyo kwa sababu wengi hapa hupenda kusimulia habari hii kana kwamba Mzungu alikuja na hila, na kusimulia hivyo kunawapa raha. Kunanipa raha mimi pia, na ndiyo sababu siwezi kuliacha jambo hilo lipite.

Shida ilikuja kwa nguzo. Bwana Merton alitaka kingo za njia ziwekewe alama, ili wageni wasipotee katika majani marefu. Tukachomeka nguzo fupi zilizopakwa chokaa. Kabla miezi miwili haijaisha mchwa walikuwa wamezila zote. Ukizigusa kwa kidole zinaanguka, chokaa ikiwa imesimama peke yake kama ganda la yai. Tukachomeka nyingine, zikaliwa. Bwana Merton akaniita ofisini.

"Elpidius, hakuna mti ambao mchwa hawaupendi?"

"Upo, Bwana. Mti ulio hai. Tupande alama badala ya kuzichomeka."

Alifurahi sana hata akagonga meza. Nami nilitoka ofisini nikiwa na mti wangu tayari kichwani: mlamula.

Kila mtu wa Karagwe anaujua mlamula. Una shina lililonyooka na majani marefu yaliyochongoka. Ukikata kipande chake na kukichomeka ardhini, kinachipua hata mahali pasipo maji. Ng'ombe hawauli, mchwa hawauli, wala hausambai ukaziba njia. Kwa kazi ile haukuwapo mti uliofaa zaidi. Lakini kwetu mlamula ni mti wa mpaka. Watu wakimaliza ugomvi wa ardhi, au baba akiwagawia wanawe, mwenye kauli huuchomeka kwa mkono wake mwenyewe, mchana, mbele ya majirani. Ukiisha kutoa majani bila mtu kuung'oa, basi upande huu ni wa huyu na upande ule si wake tena. Hakuna karatasi. Anayeung'oa baada ya hapo huonwa kama aliyefukua maiti.

Hayo yote niliyajua. Nilipokuwa na umri wa miaka sita baba alinipeleka kwenye mpaka wetu na jirani, akanishikisha kipande cha mlamula kwa mikono miwili, akanifanya nikisukume ardhini mimi mwenyewe huku wazee wakinywa rubisi yao ya ndizi na kunitazama. Lakini misheni walinifundisha kwamba mti ni mti, hauna neno wala uwezo, na kwamba anayeuogopa mti hajamjua Aliyeuumba. Nilijiambia kwamba nitapanda milamula maili tatu, kushoto na kulia, na watu wangu watapita katikati yake kila siku, na mwisho watajionea wenyewe kwamba ni majani tu. Nilidhani ninawafundisha.

Vibarua walikataa kuishika. Egbert, yule mcheshi, hakuwa na mzaha siku hiyo. "Karani, nipe jembe, nipe shoka, nipe choo nichimbe. Hiyo sitachomeka katika ardhi ambayo si yangu." Hasira ikanishika. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, na kwa siku tisa nikaichomeka mimi mwenyewe, kipande kwa kipande, jua likiwaka, watu wakisimama mbali na kutazama. Mkungu Byarugaba, mkuu wa kijiji chetu, alikuwapo siku niliyopita kibanjani kwetu. Alisimama na fimbo yake, akitazama. Nilidhani anastaajabia bidii yangu.

Siku ya tatu baadaye Projest alinifuata njiani. Alikuwa na jembe begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Jembe la nini?"

"Nimekuja kuing'oa. Ile ya kwetu tu. Bado haijachipua, hakuna ubaya."

"Huing'oi. Ni mali ya machimbo."

"Kaka, mama yuko nyuma ya nyumba, anaitazama. Tangu jana hajala. Panda miyenzi pale, panda mibono, panda hata maua ya mapadre. Hii itoe."

"Mti hauwezi kumzuia mama kuvuka. Mwambie avuke. Mimi mwenyewe nitamshika mkono."

"Wewe ndiye mrithi. Wewe ndiye uliyeichomeka. Angekuwa Mzungu ningenyamaza."

"Projest, ukigusa mti mmoja nitakupeleka kwa Mkungu kama mwizi, na sitaangalia kwamba tulinyonya ziwa moja."

"Utanipeleka kweli," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anifahamu. Akageuza jembe begani, akaondoka.

Nilikwenda kwa mama jioni ile, jua lingali juu ya vilima. Nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa njia, miguu miwili pamoja.

"Mama, vuka."

"Nivuke niende wapi?"

"Kwa baba. Ni hatua nane. Bwana Merton amesema kibanja ni chetu juu na chini."

"Merton hakupanda kitu."

"Huo ni mti tu, mama."

"Ndiyo," alisema. "Hata hirizi ni ngozi tu, na hati ni karatasi tu, na msalaba wako ni kijiti tu. Usinifundishe vitu ni nini, Elpidius. Mimi nimekuzaa." Akageuka akaingia ndani. Wiki zile mvua zilinyesha vizuri. Milamula yote ilichipua, na hakuna aliyeing'oa; hata majirani waliiacha katika vibanja vyao, kwa kuwa ilikuwa mali ya machimbo.

Bustani ikafunguliwa. Wazungu walitembea na fimbo zao na mbwa wao, wakakaa juu ya viti, wakatazama ndege kwa darubini. Baada ya muda wafanyabiashara wa Bukoba na makarani waliovaa vizuri nao walitembea huko Jumapili baada ya misa, wakiwa na wake zao, ili waonekane wanajua kutembea bila safari. Mimi pia nilitembea. Hakuwekwa mlinzi wala waya. Bwana Merton alisema mara mbili mbele yangu kwamba anashangazwa na adabu ya wenyeji, kwa kuwa hakuna hata mmoja anayekata kuni wala kuchunga ng'ombe upande wa mtoni. Watu wetu walikuwa wameiona mipaka na kuiheshimu. Sehemu ya chini ya kibanja chetu ilijaa magugu, ndizi ziliiva zikaliwa na nyani, na kaburi la baba likafunikwa na majani. Mama alisimama kila Jumamosi kwenye ukingo wa njia, kisha akarudi ndani.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alimwambia Projest kwamba atakapokufa mtu atasema neno, na wazee watamfungulia apite mara moja tu. Mauti yana ruhusa zake, alisema. Alilitaka hilo tu, wala hakutaka kingine.

Mwaka 1952 Bwana Merton alikwenda kwao. Meneja aliyemfuata, Bwana Lockett, alitembea njia yote siku yake ya kwanza, akaona ardhi ya mtoni haina mtu. Akaamuru iandikwe barua kwa serikali, kuomba ardhi yote iliyo kati ya njia na mto ipimwe na kuwa bustani kabisa, migomba ing'olewe, zipandwe nyasi fupi za kukalia na kuchezea. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kwa muda wa miaka mitatu hakuna mwenyeji aliyeitumia ardhi hiyo wala kudai kuwa ni yake. Nilitafuta kosa katika sentensi hiyo, sikuliona. Nikaondoa karatasi kwenye mashine nikampelekea atie sahihi.

Mama akafungua shauri barazani. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, akamwambia Mkungu kwamba ardhi ya Kamugisha inachukuliwa na kaburi lake limo ndani. Serikali ikamtuma Bwana Shauri, afisa kijana wa wilaya, asikilize, akiwa na wazee watatu wa kumweleza desturi. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya kibanja, desturi ndiyo iliyokuwa sheria.

Siku moja kabla ya baraza, saa za mchana, Mkungu Byarugaba alikuja nyumbani kwangu pamoja na Projest. Hawakutaka kukaa. Mkungu aliegemea mlango.

"Karani, mimi si mtu wa misheni, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mtoto akichomeka mlamula akicheza, tunang'oa na kucheka. Mgeni akichomeka, tunang'oa. Mrithi akichomeka huku akijua, hakuna wa kung'oa, hata Mungu mwenyewe angefikiri kwanza. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Wewe ulikwenda kwa mapadre hujaota ndevu. Ukisema hukujua maana ya mti ule, nani atakubishia? Wazee watatu nimezungumza nao. Kesho watakuuliza swali moja. Jibu: sikujua. Hapo hapo tutakwenda pamoja kuing'oa, na huyo Lockett atafute nyasi zake kwingine."

"Neno hilo ni uongo, Mkungu."

"Ni neno la kumzika mama yako mahali pake."

"Nitaapishwa kwa Biblia."

Mkungu akageukia ndugu yangu. "Umesikia? Nilikuambia. Huyu wamemrudisha kwetu akiwa amenyooka mno, hawezi hata kupita mlangoni."

Projest hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Kaka, sijapata kukuomba kitu. Ile siku ya jembe sikukuomba, nilikuambia tu. Leo nakuomba."

Nikamjibu kwamba nitaomba Mungu aniongoze. Nadhani alijua maana yake, kwa sababu aliondoka bila kuaga.

Baraza lilikaa uwanjani mbele ya nyumba ya Mkungu. Walikuja watu wengi, hata kutoka Mabira, kwa kuwa kila mwenye kibanja kando ya njia ile alikuwa na sehemu yake ng'ambo ya milamula, nao walijua kwamba ikifunguliwa ya Kamugisha zote zitafunguliwa. Mama alikaa chini juu ya mkeka, amevaa shuka lake jeupe la kanisani. Hakunitazama. Bwana Shauri alikuwa mpole, akamwamuru mkalimani aseme polepole. Nikaapa.

Mzee mmoja kati ya wale watatu, mwenye macho yenye ukungu, aliuliza. "Elpidius wa Kamugisha, siku ile ulipochomeka mlamula katika kibanja cha baba yako, ulijua ni mti wa nini kwetu, au ulikuwa umekaa mno ugenini?"

Swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu lake, nilipewa nilichukue tu.

"Nilijua," nikasema.

Yule mzee akainamisha kichwa kama asiyesikia vizuri. "Pengine hukunielewa, mwanangu. Ulijua kama mtoto anavyojua? Kwa kusikia sikia, ukasahau?"

Mtu nyuma alinong'ona kwa nguvu, "Sema ndiyo, wewe jiti!" Wengine wakacheka kwa wasiwasi.

"Nilijua kama mtu mzima anavyojua," nikasema. "Baba yangu alinifundisha nikiwa na miaka sita. Alinishikisha kipande kwa mikono yangu, nikakisukuma mwenyewe. Sikusahau. Niliichomeka nikijua watu wataionaje, na ndugu yangu alipotaka kuing'oa nilimkataza."

Hata leo siwezi kueleza kwa nini niliongeza hayo. Neno moja lingetosha kuwa kweli. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote, nimeapa, na kweli ilinijia kinywani tamu kama sifa, nikaisema yote mpaka mwisho.

Wazee watatu hawakuinuka kwenda kushauriana. Yule mwenye ukungu machoni alisema tu, "Basi. Mrithi ameweka mpaka." Wawili waliobaki wakaitikia kwa vichwa, wakitazama chini. Mkalimani akamweleza Bwana Shauri, naye akaandika. Alipomaliza aliniita kando. Akanishika mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba tangu afike nchini hajapata kusikia shahidi mwaminifu kama mimi, na kwamba atamwandikia meneja wangu kunisifu. Watu walikuwa wakitutazama. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake mama alipopita.

Nilimfuata. Alikuwa akitembea mbele peke yake, mkeka kichwani, Projest nyuma yake mbali kidogo.

"Mama, nisingeweza kusema uongo mbele ya Mungu."

Hakusimama. "Sikukuambia useme uongo."

"Basi ningesema nini?"

"Ulikuwa na siku nyingi za kusema kweli, Elpidius. Projest alipokuja na jembe, ulijua. Niliposimama njiani na wewe ukaniambia ni mti tu, ulijua. Siku hizo zote ulinyamaza, ukatufanya sisi wajinga. Leo, siku ambayo kweli ilikuwa na kazi moja tu, ya kunizuia nisilale kwa mume wangu, ndiyo siku uliyoona inafaa kuitoa." Akahamisha mkeka kichwani ukae sawa. "Rudi kazini. Watakutafuta."

Nilirudi kazini. Mwezi uliofuata migomba ya sehemu ya chini ilikatwa na kung'olewa, vikapandwa vipande vya nyasi vilivyoletwa kwa lori. Kaburi la baba halikufukuliwa. Bwana Lockett alikuwa mtu wa utaratibu na alikataza jambo hilo. Ardhi ilisawazishwa tu, nyasi zikapita juu yake kama zilivyopita juu ya kila mahali. Siku za Jumapili walitandika vitambaa vyao huko wakala mikate, watoto wao wakikimbiza mpira, maana palikuwa na kivuli na upepo wa mto. Mimi nilijua ni mahali gani hasa, kwa kupima hatua kutoka njiani. Nadhani hakuna mwingine aliyejua, isipokuwa mama, na mama hakuwapo tena. Alikuwa amemwambia Projest amfungie vyombo vyake, akahamia Igurwa kwa dada yetu Joviana aliyeolewa huko.

Nilikwenda kumsalimu mara nne. Alipokea shikamoo yangu, akaniuliza habari za kazi, akanipa chakula. Mtu wa nje asingeona kasoro. Mara ya nne nilimwambia kwamba nimeandika barua kwa serikali kuomba ruhusa ya mazishi, siku itakapofika, na kwamba nimejibiwa kuwa bustani si makaburi. Alisikiliza, akaendelea kumenya ndizi. Kisha akasema, "Ulipiga chapa mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Mashine hiyo inaandika vizuri," akasema.

Alikufa mwaka 1955, mwezi wa Februari, homa ya siku tano. Nilipofika Igurwa nilikuta kaburi limekwisha kuchimbwa katika kibanja cha mume wa Joviana. Walikuwa watu wema, walimpa mahali pazuri, lakini kwetu mwanamke kuzikwa kwa mkwe wake ni jambo ambalo watu hulisema wakiwa wameshusha sauti. Kulia kwake alilala mama wa yule mkwe, kushoto mtoto wa ndugu wa mkwe huyo. Hakuna aliyekuwa wa kwao.

Padre wa hapo alimaliza sala. Jeneza liliposhushwa nikasogea mbele, nikainama kuchota udongo, kwa kuwa mrithi ndiye anayetangulia. Projest alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo. Akaniwekea mkono kifuani, si kwa nguvu.

"Mama aliacha neno. Nianze mimi."

"Mimi ndiye mrithi, Projest."

"Mrithi wa nini, kaka?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza apate kujua. Joviana na mumewe, Padre, na majirani wa Igurwa wote walinitazama wakisubiri nijibu. Nilikuwa nimezoea kujibu. Nilisimama na udongo mkononi, nikatafuta jibu lililo kweli, na nilipolipata sikulisema. Nikaufungua mkono udongo ukaanguka palepale miguuni pangu, nje ya kaburi, nikarudi nyuma.

Projest akachota, akatupa. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Nilisimama nyuma ya wanawake mpaka shimo lilipojaa, kisha nikachukua kofia yangu nikashika barabara ya Rwensinga, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na kesho yake ilikuwa siku ya kazi.